Ahadi Kabla ya Bidhaa

Bila shaka umepata kumpelekea fundi cherehani kitambaa cha nguo ya sikukuu. Ukamwachia arubuni, naye akakuapia kwamba Jumamosi nguo itakuwa tayari. Tangu hapo huwezi kwenda kwa fundi mwingine, kwani fedha zako na matumaini yako yamekwisha kufungwa. Biashara ya programu za kompyuta nayo imeendeshwa sana kwa ahadi za namna hii.

Mwezi Novemba 1983 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza Windows, programu ya kumwezesha mtu kuiongoza kompyuta kwa kuelekeza kwenye picha badala ya kuandika amri. Programu yenyewe ilitoka Novemba 1985. Hebu jiweke mahali pa mshindani aliyekuwa na bidhaa yake tayari dukani: mteja akikuambia anangoja ya wale wakubwa, utamjibu nini? Tabia hiyo ya kutangaza kisichokuwapo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya Jaji Stanley Sporkin, Februari 1995, akatae kuidhinisha mapatano kati ya serikali ya nchi hiyo na Microsoft. Mahakama ya rufani iliutengua uamuzi wake mwezi Juni, lakini lawama ilikwisha kusikika.

Je, basi kampuni zinyamaze? Hapana, kwani kimya nacho kina hila zake. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitangaza mchezo wa Cyberpunk 2077 mwaka 2012, ukauzwa kuanzia tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo nakala milioni 8 zilikwisha kuagizwa. Wachambuzi wa magazeti walipewa mapema nakala za kompyuta peke yake. Zile za PlayStation 4 na Xbox One, mashine zilizokuwa majumbani mwa watu wengi, hawakupewa. Walionunua walikuta mchezo ukikwama na kuzimika. Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi hadharani kwa kutouonyesha mchezo kwenye mashine hizo, na siku chache baadaye Sony ikauondoa katika duka lake na kuwarudishia wateja fedha. Fikiri kijana aliyedunduliza vijisenti mwaka mzima!

Kwa maoni yangu, kampuni ina haki ya kuficha inachokibuni, maana washindani wana macho. Haki hiyo hukoma saa inapopokea fedha ya mnunuzi. Kuanzia hapo hapana budi aonyeshwe kitu kilipofikia, pamoja na kasoro zake, na kwenye mashine ile ile aliyonayo yeye. Kwa hiyo mtoto wako akikusihi ulipie mchezo ambao haujatoka, mwulize kwanza kama kuna aliyekwisha kuuona ukichezwa kwenye mashine kama yenu. Kama hakuna, mwambie fedha zikae nyumbani mpaka utoke.