Chatu alimeza mamba mu mji wa shaba

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama wa nyumbani, leo tuongee habari ya nyoka. Mu mwezi wa tatu 2014, kule Mount Isa, Australia, mji wa shaba kama Kambove yetu, watu walimuona chatu akipigana na mamba ku ziwa Moondarra. Walipigana karibu masaa tano, kisha chatu akamumeza yote.

Anafanya namna gani? Chatu hana sumu. Anamukaza mamba mpaka damu inaacha kuzunguka. Mifupa ya taya lake la chini haishikane mbele, ngozi inavutika, kinywa kinafunguka kupita kichwa chake.

Kwetu Katanga chatu iko pia: anakula kenge na mamba wadogo. Akishiba, analala siku nyingi mu shimo ao mu kichuguu. Basi mbele ya kushuka mu shimo ya zamani, tuangaze taa kwanza. Tusimuue bure, anakula panya. Lakini mu shimo ile ile nyoka wa sumu anaweza kulala. Taa na buti si zawadi ya patro, ni haki yetu. Tuzidai.