Kitanda ndani ya gari: Faraja ya safari, hatari kwa asiyepima

MSAFIRI anayetoka Kigoma kwenda Nyakanazi kupitia Kasulu na Kibondo hupita katika vilima vya Buha, nyanda zilizoinuka zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi na mvua za masika zikinyesha njia za vijijini hugeuka utelezi. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hiyo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi, na aliyeingiliwa na giza njiani hakuwa na la kufanya ila kutafuta mahali salama pa kulala.

Lami imekwisha kuwekwa katika sehemu kubwa ya barabara hiyo. Pamoja na usalama kuimarika, hali hiyo imewapa watu wa mijini moyo wa kusafiri kwa magari yao hadi Ziwa Tanganyika, bonde la Malagarasi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, au Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019. Baadhi yao, badala ya kubeba hema, hupenda kutengeneza kitanda cha mbao nyuma ya gari, chini yake kukiwa na droo za kuhifadhia vyakula, vyombo na zana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitengeneza sanduku la kupigia kambi lililoingizwa ndani ya basi dogo la Volkswagen na kutolewa safari inapokwisha. Kanuni yake ndiyo inayofuatwa hadi leo: gari libaki gari, na kitanda kiwe samani inayoweza kuondolewa.

Hata hivyo, kitanda cha garini si sawa na cha nyumbani. Cha nyumbani hubeba mtu aliyetulia, lakini cha garini hutikiswa kwa saa nyingi, na gari likifunga breki ghafla hutaka kuendelea mbele pamoja na kila kilichomo. Gari lililo katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, droo yenye kilo 20 husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 280. Aliye mbele yake ni dereva.

Kwa sababu hiyo, kazi huanza kwa futi ya kupimia na karatasi, si kwa msumeno. Hupimwa nafasi iliyopo kati ya matao ya magurudumu ya nyuma, urefu kutoka mlango wa nyuma hadi migongo ya viti vya mbele vikiwa vimesogezwa, na kimo kutoka sakafu hadi paa. Mtu mzima akikaa wima huhitaji karibu sentimita 90 kutoka alipokalia hadi utosini. Katika magari mengi ya aina ya Toyota Land Cruiser Prado, kitanda cha sentimita 25 au 30 kinamtosha mtu kulala na kujigeuza, lakini hakimwachii nafasi ya kukaa wima. Anayekiinua zaidi ili apate droo kubwa hujinyima hata nafasi ya kuvaa shati.

Jambo la pili ni uzito. Plaiwudi moja ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 18 huwa na takriban kilo 32, na ya milimita 12 takriban kilo 21. Kitanda kizima kikitengenezwa kwa plaiwudi tatu za milimita 18, kilo karibu 100 zimekwisha kutumika kabla hata ya godoro kuingia. Kikitumia mbili na nusu za milimita 12, pamoja na reli na bolti, hubaki karibu kilo 60. Wakiongezwa watu wazima wawili wa kilo 140, maji lita 40, na chakula na zana za kilo 40, jumla hufika kilo 280. Hesabu hiyo hulinganishwa na uzito ambao mtengenezaji ameruhusu, ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Wembamba wa milimita 12 hautoshi iwapo ubao wa juu utaning'inia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Dawa yake ni ukuta wa katikati. Kitanda chenye upana wa meta moja hugawanywa mara mbili, kila upande ukabaki na nusu meta tu ya kubeba, na papo hapo vikapatikana vyumba viwili vya droo. Sehemu ya mbele, inayofika karibu na viti, hufungwa kwa bawaba ili ikunjwe mchana na kufunguliwa usiku.

Nyanda hizi zina bahati ya kuwa na mninga katika misitu yake ya miombo. Ni mbao inayosifika kwa kutopinda wala kuvimba sana hali ya hewa inapobadilika, na mchwa hawaipendi. Vipande vyembamba vya mninga uliokauka vinafaa sana kuwa reli za droo. Mnunuzi hana budi kudai stakabadhi, na mbao zinazosafirishwa ziwe na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwani mbao zisizo na karatasi huweza kukamatwa njiani.

Reli za chuma zenye gololi huteleza vizuri mjini, lakini vumbi jekundu la barabara za changarawe huingia ndani yake na kuzifanya zikwame. Reli za mbao hupakwa nta ya nyuki, bidhaa isiyo adimu Kibondo na Kasulu ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu enzi za mababu. Nta hulainisha mbao bila kunasa vumbi kama grisi. Kila droo huwekewa komeo linalofungwa kwa mkono, kwa maana droo isiyo na komeo hufunguka yenyewe katika mlima wa kwanza.

Viungo navyo vinahitaji gundi ya mbao pamoja na skrubu. Misumari hulegea taratibu kwa mtikisiko wa barabara yenye mawimbi. Kitanda kizima hufungwa kwa bolti katika matundu ya viti vilivyoondolewa au katika vishikizo vya mizigo alivyoweka mtengenezaji sakafuni. Kutoboa sakafu bila kuangalia chini yake ni kosa kubwa, kwani huko ndiko liliko tangi la mafuta, mipira ya breki na nyaya. Anayeondoa viti akumbuke pia kwamba idadi ya viti imeandikwa katika kadi ya gari, hivyo ni busara kuuliza Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), inayosajili magari, na kampuni ya bima kabla ya kuanza.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Kitanda hicho ni cha kulalia gari likiwa limesimama. Katika safari ndefu, mzazi huweza kushawishika kuwalaza watoto juu ya godoro ili wasichoke, lakini hapo hakuna mkanda wala kiti. Gari likipinduka, mtoto aliyelala hutupwa kama mzigo. Kila abiria na apate kiti chenye mkanda, na kama viti havitoshi, safari hiyo si ya gari hilo.

Usiku nao una hatari zake. Baridi ya vilimani isimfanye mtu awashe jiko la mkaa ndani ya gari au aache injini ikiunguruma akiwa amelala. Vyote viwili hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Blanketi nzito ni salama zaidi. Dirisha huachwa wazi kiasi cha vidole viwili pande zote mbili, na chandarua huzibwa juu yake, kwani Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria. Mtungi wa gesi na dumu la petroli visiwekwe chini ya kitanda.

Pa kuegesha pia pachaguliwe mapema. Ua wa nyumba ya wageni au wa misheni ni bora kuliko pembeni mwa barabara, na kijijini hodi hupigwa kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji. Mgeni aliyejitambulisha hulindwa, lakini asiyejulikana hushukiwa.

Kabla ya safari yenyewe, gari liendeshwe kilometa 20 hivi katika barabara mbovu, droo zikiwa zimejaa. Kisha kila bolti ikaguliwe na kukazwa upya. Iliyolegea katika kilometa 20 hizo ingeng'oka kabla ya kufika Kibondo.