Meno ya Punda na Mkono Uliofundishwa

Meno ya punda huendelea kuchomoza ufizini miaka mingi, takriban milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, huku yakisagika kwa kutafuna majani. Kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, magego hubaki na ncha kali: za juu huchana mashavu, za chini hukwaruza ulimi. Punda hudondosha matonge yaliyotafunwa nusu na kukonda. Mwenye punda, awe Mpanda mkoani Katavi au kwingineko, hudhani ni minyoo, au vibaya zaidi, uvivu, na fimbo huongezwa.

Ncha hizo husawazishwa kwa tupa maalumu, baada ya dawa ya kutuliza na kukiachamisha kinywa kwa chombo chake. Tupa ya fundi chuma haifai hata kidogo. Kazi hii hutaka mkono uliofundishwa. Chuo Kikuu cha Sokoine kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko huko Katavi, lakini madaktari wa mifugo husomea Morogoro kwa miaka 5. Uingereza wapo hata mafundi wa meno ya farasi wasio madaktari, wanaopimwa kwa mtihani.

Punda akianza kudondosha majani, aitwe ofisa mifugo amtazame kinywa kabla ya kununuliwa dawa ya minyoo.