Je, Wajua? Maktaba Zinavyogawana Vitabu Mtandaoni

Je, wajua kwamba vitabu vingi vilivyochapishwa Kenya vina nambari inayoanza na 978-9966 kwenye jalada la nyuma? Tarakimu 9966 ni za Kenya. Tanzania wana 9976 na 9987, Uganda 9970. Mtu wa Loitokitok anaweza kukitambua kitabu kilichovuka mpaka wa Tanzania pale Illasit kabla hata ya kusoma jina la mchapishaji. Nambari hizo hutolewa nchini na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS, na kwa nambari hizo kompyuta ya maktaba moja hujua kwamba kitabu ilicho nacho ndicho kilekile kilicho katika maktaba nyingine.

Je, wajua kuwa Afrika Mashariki ilikuwa na mtandao wa maktaba kabla ya kompyuta? Shirika la East African Literature Bureau, lililoanza mwaka 1948, lilikuwa likisambaza masanduku ya vitabu mashambani na kuwatumia wasomaji vitabu kwa posta. Kisha ikaja ripoti ya Sydney Hockey ya mwaka 1960, na kila nchi ikatunga sheria yake: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tulitoka kwenye huduma moja tukapata tatu, na tangu hapo tunahangaika kuziunganisha.

Je, wajua siku ambayo maktaba zilianza kuorodhesha vitabu kwa pamoja mtandaoni? Ni tarehe 26 Agosti 1971. Vyuo 54 vya jimbo la Ohio, Marekani, vilikuwa vimeunda ushirika wao mwaka 1967, na siku hiyo maktaba ya Alden katika Chuo Kikuu cha Ohio ikaingiza vitabu 133. Siri yake ni nyepesi: mkutubi mmoja anaandika taarifa za kitabu, yaani mwandishi, mada, mwaka na mchapishaji, na wengine wote wanazinakili. Ushirika huo, OCLC, ndio unaoendesha leo WorldCat, orodha ya pamoja ya maktaba za dunia.

Hili laihusu kaunti yetu ya Kajiado moja kwa moja. Chukua mkutubi wa shule ya sekondari aliyepokea katoni kadhaa za vitabu vya msaada. Akikaa kuandika kadi moja moja, muhula utakwisha vitabu vikiwa bado sakafuni. Lakini akiwa na programu inayofaa anaandika ile nambari ya jalada tu, na taarifa zote zinashuka kutoka Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani huko Washington. Mpangilio wa taarifa hizo, MARC, ulibuniwa katika miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram, ambaye alikuwa mtaalamu wa kompyuta, si mkutubi.

Sasa sikia sehemu ninayoipenda kuliko zote. Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya Kenya na ya nchi nyingine nyingi za Afrika. Kwa hiyo kitabu kilichochapwa Nairobi huenda kikasafiri hadi Washington, kikaorodheshwa, kisha maelezo yake yakarudi kwa mkutubi aliyeko mwendo wa matatu kutoka kwenye mtambo uliokichapa. Na kile kijitabu cha Kimaasai kilichotolewa na kanisa au shule ya mtaani? Pengine hakipo kabisa kwenye orodha za dunia. Wa kukiingiza ni mkutubi wa huku, na akikiingiza, Washington nayo inaweza kunakili kwake.

Je, wajua kwamba programu ya kuorodhesha vitabu ipo ya bure? Inaitwa Koha, nayo ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba ndogo za wilaya ya Horowhenua, zilizohofia kwamba mfumo wao wa zamani ungegoma mwaka 2000 ukiingia. Ikaanza kazi Januari 2000. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vinaitumia. Shule isiambiwe kwamba lazima inunue mfumo wa mamilioni.

Je, wajua nani hulipia majarida ya kitaaluma? Tangu 2003 maktaba za Kenya zina muungano wao, KLISC, unaojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama na kugawana gharama. Uganda wana CUUL, Tanzania COTUL. Chuo kimoja peke yake hakiwezi kupata bei hiyo.

Je, wajua kuwa baadhi ya majarida hupatikana bure, au kwa ada ndogo, kulingana na uchumi wa nchi? Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari mwaka 2002 kwa mambo ya tiba. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likafuata na AGORA mwaka 2003. OARE ya mazingira ilikuja 2006 kupitia UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Ila anayesajiliwa ni taasisi, na nenosiri hukaa kwa mkutubi. Wanafunzi wengi humaliza chuo bila kumuuliza.

Je, wajua kwamba tafiti kuhusu Kitengela zimo mtandaoni bila malipo? Taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, iliyoko Kabete, imechunguza kwa miaka mingi nyanda za Kitengela: nyumbu, ng'ombe, nyaya za ua na mashamba yanayokatwa vipande. Hazina ya mtandaoni CGSpace inaweka kazi zake pamoja na za taasisi dada za utafiti wa kilimo duniani. Mfugaji aliyehojiwa ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake.

Je, wajua kwamba zipo hadithi za watoto kwa Kimaasai unazoweza kupakua na kuchapisha? Ziko kwenye tovuti ya African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Na intaneti ikikatika, programu ya Kiwix hufungua Wikipedia nzima kutoka kwenye kompyuta isiyo na mtandao.

La mwisho: kutoka Loitokitok hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, lakini dai la maktaba halihitaji kufika huko, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Basi kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kikija Loitokitok, usiombe jengo pekee. Omba intaneti, omba mkutubi aliyesomea kazi hiyo, na uliza ni lini maktaba za Kajiado zitakuwa na orodha moja.