Tume ya Ulaya na mitandao ya sera

Mtandao wa sera ni kundi la taasisi, kampuni, wataalamu na asasi za kiraia zinazoshirikiana mara kwa mara katika kutunga au kutekeleza sera fulani. Katika Umoja wa Ulaya mitandao mingi ya namna hii huanzishwa au kuratibiwa na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji chenye makao makuu mjini Brussels, Ubelgiji.

Sababu

Tume ilianza kazi mwaka 1958. Ndiyo inayopendekeza karibu sheria zote za Umoja, lakini ina watumishi takriban 32,000 tu kwa wakazi milioni 450 hivi. Kwa hiyo hutegemea maarifa ya watu wa nje, na utekelezaji huachwa zaidi kwa serikali za nchi wanachama 27. Nafasi yake ni kama ya mshenga: huwakutanisha wahusika, hupanga ajenda na pengine hutoa fedha.

Mfano wa ESPRIT

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni za Ulaya zilikuwa zimeachwa nyuma na zile za Marekani na Japani katika kompyuta na elektroniki. Kamishna wa viwanda Étienne Davignon aliwakutanisha wakuu wa kampuni 12 zilizokuwa zikishindana sokoni, zikiwemo Siemens, Philips, Olivetti na ICL. Walikubaliana kushirikiana katika utafiti unaotangulia utengenezaji wa bidhaa, kisha wakasaidia kuzishawishi serikali zao. Mwaka 1984 programu ya ESPRIT iliidhinishwa, gharama zikigawanywa nusu kwa nusu baina ya Jumuiya na washiriki.

Mtandao wa Ushindani wa Ulaya

Tangu mwaka 1962 kampuni zilizotaka kuruhusiwa makubaliano yanayobana ushindani zilipaswa kuomba kwa Tume, na maombi yakarundikana. Kanuni 1/2003, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2004, iliondoa utaratibu huo. Sasa Tume na mamlaka za ushindani za nchi wanachama hupeana taarifa na kugawana kesi ndani ya mtandao mmoja. Hata hivyo si wote walio sawa. Mamlaka ya nchi inapaswa kuiarifu Tume angalau siku 30 kabla ya kutoa uamuzi wa kukomesha ukiukaji, na Tume ikifungua kesi yenyewe, mamlaka hiyo hulazimika kuiachia.

Ukosoaji

Anayealika ndiye pia anayeamua nani akose kiti. Bunge la Ulaya na asasi za kiraia wamelalamika kwamba kampuni kubwa zina wawakilishi wengi mno katika vikundi vya wataalamu vinavyoishauri Tume, kuliko wafanyakazi, walaji na biashara ndogo. Tume huchapisha rejista ya vikundi hivyo, na mwaka 2011 ilianzisha pamoja na Bunge rejista ya washawishi. Tatizo la uwajibikaji limebaki: uamuzi ulioandaliwa na wengi ndani ya mtandao humwacha mpiga kura bila kujua amwulize nani.