Safari ya mwanga kutoka Embu hadi Meru

Mwanga ukiingizwa kwenye uzi wa faiba mjini Embu, hufika Meru kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita. Karibu wote hupotea njiani. Kioo cha faiba ya kawaida ya leo hupoteza nusu ya mwanga kila kilomita 15 hivi, na kwa kuwa miji hiyo imeachana kwa zaidi ya kilomita 100 za barabara, kinachosalia ni chini ya asilimia 1. Kidogo hicho chatosha kupitisha maelfu ya simu kwa wakati mmoja.

Kioo cha miaka ya 1960 kilibakisha asilimia hiyo 1 baada ya mita 20 tu. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba kosa halikuwa la kioo bali la uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za chuma. Kampuni ya Corning ya Marekani ikapata kioo safi mwaka 1970. Kao alitunukiwa Nobel mwaka 2009, mwaka uleule mkonga wa baharini wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na Kenya ikaanza kuachana na intaneti ghali ya setilaiti.

Lakini uzi huu uliingia tumboni kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1956, mwanafunzi Larry Curtiss aliuvika uzi wa kioo ganda la kioo cha aina nyingine ili mwanga usitoroke. Mwaka uliofuata daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliumeza yeye mwenyewe mpira wenye nyuzi hizo kabla ya kumpima mgonjwa.

Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na mara nyingi hugunduliwa mgonjwa akiwa tayari hawezi kumeza chakula. Kwa hiyo hospitali za rufaa za Meru na Embu zinauhitaji uzi huu kwa namna mbili: kumchungulia mgonjwa ndani, na kutuma picha zake kwa mtaalamu aliye Nairobi. Nauli isiyolipwa na siku ya kazi isiyopotea ni pesa pia.

Wachumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen walichunguza nchi 12 za Afrika. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba nyaya za baharini zilipowasili, ajira iliongezeka palipopita mkonga wa nchi kavu, hata kwa wasio na elimu ya juu. Kijiji cha Mbeere huko Embu au Igembe huko Meru kilicho mbali na mkonga hakimo katika ongezeko hilo.

Kuna pia suala la matengenezo. Waya ukikatwa na katapila, fundi hutuma mwale na kupima muda wa mwangwi wake, akajua umekatika mita ya ngapi. Humenya plastiki, hufuta uzi kwa spiriti, huukata sawasawa, kisha mashine huziyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme. Njia ya mwanga ina upana wa mikroni 9 hivi, nyembamba kuliko unywele, na chembe ya vumbi yaweza kuharibu kiungo.

Hiyo ni fizikia tupu. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Eldoret wameifanyia utafiti kwa miaka. Vyuo vikuu vya Meru, kule Nchiru, na Embu vinafaa kuifundisha kwa bidii hiyohiyo, ili waya ukikatika usiku, vijana wa Nkubu na Runyenjes wawe wameshauunga kabla gari la mafundi kutoka Nairobi halijafika Mwea.