Kwa Nini Seva ya Proksi Huchelewesha Huduma Ofisini

Seva ya proksi hutunza nakala za kurasa zinazofunguliwa mara kwa mara ili watumishi wasizipakue upya kupitia intaneti. Inapolemewa, mifumo huchelewa kufunguka na mwananchi husubiri dirishani, ingawa intaneti yenyewe haina hitilafu.

Chanzo kimojawapo ni upungufu wa RAM. Programu ya Squid huhitaji takribani megabaiti 14 za RAM kwa faharasa ya kila gigabaiti 1 ya nakala zilizo kwenye diski. Hivyo gigabaiti 100 huhitaji gigabaiti 1.4. RAM isipotosha, mashine hutumia diski badala yake, na kasi hushuka.

Kabla ya kuongeza kifurushi cha intaneti, mtaalamu hana budi kukagua RAM, diski na muda wa majibu ya DNS. Wakati mwingine kupunguza hifadhi ya nakala hutosha.